Mikono Sitini na Miwili

Hivi wewe unayesoma hapa, umewahi kuona kijiji kizima kinaokoka kwa mara moja, kabla hata jua halijafika utosini, tena mwalimu wa madrasa akiwa miongoni mwa wa kwanza? Mimi nimekiona. Nilikaa mstari wa pili, kwenye mkeka wangu mwenyewe, nikaihesabu ile mikono, na aibu niliyoona siku ile haijaniisha mpaka leo. Wala si aibu ya hiyo mikono iliyonyooshwa. Ni ya mkono mmoja ambao haukunyooshwa, na maneno niliyomwambia mwenye mkono huo.

Mwaka ulikuwa sabini na tano. Kijiji chetu cha Kwemkole, upande wa Handeni, kilikuwa hakijatimiza miaka miwili tangu watu wahamishiwe pale na Operesheni Vijiji. Nyumba zilipangwa mistari kama mahindi ya Bwana Shamba, milango yote inatazama barabara, na kuta zilinuka udongo mbichi kila mvua ikinyesha. Watu karibu wote walikuwa Wazigua, Waislamu tangu mababu. Wakristo tulikuwa nyumba moja tu, mimi na mume wangu, Washambaa wa Lutindi. Mume wangu alikuwa seremala. Aliletwa kutengeneza milango na madawati ya shule, na mbao zikimwishia alikwenda Korogwe akakaa huko wiki mbili, tatu. Mimi nilibaki na darasa la nne langu la misheni, Biblia iliyobanduka jalada, na jirani yangu Mwaija.

Mwaija alikuwa mke wa mwenyekiti wa kijiji, Sadala. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya mbele, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja kama anayezuia kitu kisidondoke. Siku ya kwanza aliniuliza jina. Nikamwambia mimi ni mama fulani. Akasema, "Majina ya watoto tuwaachie watoto. Wewe mwenyewe unaitwa nani?" Nikasema Dorkasi. Akalirudia mara tatu, akalipenda. Basi tukaitana hivyo, Mwaija na Dorkasi, kama wasichana wa shule.

Kila asubuhi alikuja kwangu kuomba moto. Alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, ametandika majivu ndani, mikono bado ina maji ya udhu maana alikuwa ametoka kuswali. Mimi wakati huo nilikuwa nimepiga magoti kwenye mafiga, nachochea moto na kuomba, vyote kwa pamoja. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha: ukisubiri kazi ziishe ndipo uombe, hutaomba. Na niliomba kwa sauti, kwa maneno ya kawaida tu. Namwambia Mungu habari za mume wangu na mbao zake. Namtajia mguu wa Mzee Salimu, mwalimu wa madrasa, uliokuwa ukivimba. Namtajia mbuzi wa Bibi Kudra aliyepotea. Namtajia Chausiku.

Chausiku alikuwa binti yake Mwaija, ameolewa upande wa Mgera. Alikuwa amezika vichanga viwili, na ukweni walishaanza kusema ana mkosi. Mwaija alinieleza mara moja tu, tukiwa bwawani tunachota maji, wala hakurudia. Pale kijijini hakuna aliyemtaja yule binti. Ukimtaja ni kama unamchokonoa mama yake. Mimi sikuwa na mkono wa kufika Mgera, basi nikamweka kwenye maombi, katikati ya mbuzi na mbao.

Mwaija alisimama mlangoni na kigae chake mpaka niseme amina. Hapo ndipo alipoingia, akanisalimu kwa Kishambaa chake cha kunitania, "Onga makeo!", akachukua makaa yake mawili, akaenda. Mimi niliona aibu kumweka mtu anasubiri. Nikaanza kufupisha. Siku moja nilimaliza upesi sana, mguu wa Mzee Salimu nikauruka kabisa. Mwaija akasema, "Mbona leo umekimbia? Una mgeni?"

"Nakuchelewesha, mwenzangu. Watoto wanataka uji."

"Watoto wamelala. Usikimbie, mie sina haraka."

Nikasema moyoni, huyu ana adabu kweli.

Basi mwezi wa saba akaja Mwinjilisti Ernesti kutoka Korogwe. Alipanga chumba Manundu, akatumwa na kanisa azungukie Wakristo waliotawanywa na Operesheni. Sitaki umchukie. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri ya kuimba, na baiskeli yake ilikuwa imemvunja mgongo kwa yale mawe ya njia. Alipovua viatu niliona malengelenge manne, nikamchemshia maji ya chumvi. Aliingiza miguu kwenye karai, akatoa daftari, akaniuliza kwa upole:

"Dada Dorkasi, karibu miaka miwili uko hapa. Umemleta nani?"

"Nimemleta wapi, Mwinjilisti?"

"Kwa Bwana."

Nikafikiri. Nikasema, "Sijamleta mtu."

Akaandika. Sijui aliandika nini, lakini kalamu ilikwenda muda mrefu kuliko jibu langu.

Asubuhi yake alimwona Mwaija akija na kigae. Alipoondoka, Ernesti akauliza, "Na huyu?"

"Huyu ni jirani, anakuja kuomba moto."

"Moto!" akasema, akatikisa kichwa. "Unampa moto wa kupikia uji kila siku, na ule moto wa milele hujamwonya?"

Wewe ungejibu nini? Mimi niliona kweli nimekosa. Nilijiona kama mtu aliyepewa barua apeleke, akaikalia.

Siku ile ile Ernesti alikwenda kwa mwenyekiti kuomba nafasi ya kusema na watu. Sadala hakuwa mtu wa kumnyima mgeni nafasi. Alikuwa mfupi, nadhifu, shati limepigwa pasi ya mkaa, na mfukoni ana kalamu mbili ingawa moja haikuwa na wino. Akagonga kile kipande cha reli kilichoning'inia penye ofisi ya kijiji. Ukisikia reli, unatoka. Inaweza kuwa mbegu, inaweza kuwa chanjo, inaweza kuwa Bwana Maendeleo. Ukishafika ndipo unajua umeitiwa nini.

Watu wakakaa. Ernesti akatundika picha kubwa ya karatasi, nzee, imekunjwa mpaka imepata mistari. Inaonyesha njia mbili. Moja pana, ina watu wengi, nyumba za ngoma, magari ya farasi, na mwisho wake kuna miali ya moto. Nyingine nyembamba, inapanda kilima, na juu kuna mji unang'aa. Akahubiri vizuri, sina la kusema. Watu walisikiliza kwa makini, maana picha hazikuwa nyingi siku zile.

Alipotoa nafasi ya maswali Bibi Kudra akasimama. "Mwanangu, hao wa njia pana, mbona hakuna hata mmoja mwenye jembe? Ni watu wa wapi?"

"Ni Ulaya, bibi. Ni mfano tu."

"Haya. Nilidhani ni sisi."

Mzee mwingine akauliza ile njia nyembamba lori la pamba litapitaje. Watu wakacheka, Ernesti naye akacheka. Mzee Salimu, aliyekuwa amenyoosha mguu wake mbaya juu ya kigoda, akasema kilima kile anakijua, ni kama cha Lutindi, na kwa mguu wake ataomba abebwe. Hapo ingekwisha vizuri. Tungekwenda kupika.

Lakini Ernesti akainua sauti. "Ndugu zangu, wangapi leo wanataka kuokoka? Nyosheni mikono!"

Kuku akapita mbele ya picha, akadonoa kitu, akaenda zake.

Lazima nikueleze jambo ili usituone wajinga. Mwaka uliotangulia alikuja mkubwa mmoja na habari ya kulima pamba kwa mistari. Akauliza wangapi wanakubali. Mzee mmoja akabisha. Mkubwa akafunga faili, akaondoka amekunja uso, na mabati ya ghala letu yakachelewa miezi minane. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya yule mzee, na hakuna aliyewaza vinginevyo. Tangu siku ile Kwemkole ilijifunza adabu moja: mgeni aliyekuja na jambo haachwi peke yake na jambo lake.

Sadala akasimama. Akanyosha mkono wake mwenyewe, akawageukia watu kama anayewaambia, jamani, mbona mnaniaibisha? Mikono ikapanda mstari kwa mstari. Bibi Kudra akanyosha wa kulia, akachoka, akabadilisha wa kushoto. Mzee Salimu akanyosha wake huku anamtazama Ernesti kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto wa mtu aliyetoka mbali kwa baiskeli. Vijana wa nyuma walinyosha mikono miwili miwili, Sadala akawakemea, akahesabu.

"Sitini na mbili," akasema. "Jambo limepita."

"Bado mmoja," akasema mtu.

Mmoja huyo alikuwa Mwaija. Alikaa miguu ameikunja upande, mikono yake juu ya mapaja, macho kwenye ile picha. Hakukasirika. Alitulia tu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Sadala akajikohoza. Mke wa mwenyekiti! Ernesti akamsogelea, machozi ya furaha ya ile sitini na mbili bado yako shavuni.

"Mama, kijiji kizima kimekubali. Wewe una nini? Usiufanye moyo mgumu. Huenda mume wako ataingia uzimani wewe ukabaki nje na kigae chako."

Watu wakacheka. Kile kigae kila mtu alikuwa anakijua. Na aliyemweleza Ernesti habari za kigae ni nani? Ni mimi.

Ernesti akanigeukia. "Dada Dorkasi, wewe ni jirani yake. Sema naye."

Sasa nitakuambia nilichosema, na sipunguzi neno. Watu wote wananitazama, jua limeanza kuchoma, sufuria yangu ya maharage niliiacha jikoni, na lile daftari la Ernesti liko wazi. Nikasema, "Mwaija, nyosha tu mkono, mwenzangu, yaishe, tukapike."

Akanitazama. Hakuna tusi ambalo lingeniumiza kama lile jicho. Halafu akajifunga kanga vizuri, akasimama, akaenda nyumbani kwake.

Ernesti aliandika majina mpaka wino ukamwishia. Sadala akamwazima kalamu, akampa ile isiyo na wino, kisha wakaipata nyingine. Kesho yake mgeni akaondoka anaimba, na mimi nikampa mayai sita.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kwenye mafiga. Nikamaliza. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikasema labda amelala. Siku ya pili nikaomba polepole, nikaongeza na wagonjwa wa Lutindi ambao nilishawasahau. Hakuja. Siku ya tatu nikatoka nje nikaona moshi unapanda juu ya makuti ya nyumba yake, moshi mzuri, mweupe. Ana moto. Nikajiuliza ameutoa wapi. Nikamuuliza Bibi Kudra, akasema, "Kwangu? Mimi mwenyewe huwa nafuata kwake."

Wiki ya pili ikaisha. Bwawani alinijibu salamu, "Sijambo," akabeba ndoo. Hakuninunia, angeninunia ningejua pa kuanzia. Na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kusema naye pale. Mume wangu yuko Korogwe na mbao. Nikawa naomba maneno matatu tu halafu nachochea moto, naona sauti yangu yenyewe inanichosha. Kwa kumtafutia Mwaija mbingu nilikuwa nimempoteza aliyekuwa mlangoni kwangu.

Wiki ya nne Ernesti akarudi, safari hii kwenye gari la mkonge lililowapa lifti, yuko na mchungaji mzee kutoka Korogwe. Walileta vitabu sitini na viwili vya mafundisho ya ubatizo, vimefungwa kamba. Reli ikagongwa. Watu wakaja, wakakaa, wakapokea vitabu kwa mikono miwili, wakashukuru. Mchungaji akauliza darasa lianze siku gani.

Sadala akasimama. "Mchungaji, karibu sana. Jambo lenyewe tulilikubali, na muhtasari ninao. Lakini utekelezaji hatukuupangia siku."

"Mlikubali nini hasa, Mwenyekiti?"

"Alichosema ndugu Ernesti."

"Alisema nini?"

Sadala akatazama kwenye muhtasari wake. "Alisema njia ni mbili."

Mzee Salimu akaona aibu ya mwenyekiti wake, akaomba kusema. "Mchungaji, mimi nilinyosha mkono na nisingependa ufikiri nilidanganya. Mtoto wenu aliuliza nani anataka kuokoka. Nani hataki? Mimi naliomba hilo mara tano kwa siku. Lakini kama nia yake ilikuwa niache msikiti, hilo hakuliuliza, na angeliuliza ningemjibu taratibu, tukiwa wawili, si mbele ya kuku na watoto."

Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso. Ernesti hakucheka. Alikaa karibu na zile kamba za vitabu, shingo imezama mabegani, na mimi nikamwonea huruma maana hakuwa mwongo, alikuwa na haraka tu. Mchungaji alipopita kwangu kunywa chai aliniuliza, "Na wewe mama, unafanya nini hapa Kwemkole?"

"Nilikuwa nagawa moto," nikamwambia. "Sasa hata huo hauna mtu."

Hakunielewa, au alinielewa. Alikunywa chai yake, akaomba sukari kidogo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kulipopambazuka nikafanya kitu ambacho mama yangu angenichapa. Nikachukua kata ya maji, nikaumwagia moto wangu. Ukalia tss, ukafa, moshi ukanijaa machoni. Nikatafuta kigae, nikatandika majivu, nikaenda kwa Mwaija.

Nilisimama mlangoni. Yeye alikuwa juu ya msala wake, anamalizia. Sikukohoa, sikugonga. Nikasubiri mpaka akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Ndipo nikajua kusubiri mlangoni kulivyo. Si kazi ndogo, na si adabu tu.

"Hodi, Mwaija. Nimekuja kuomba moto."

"Wako umekwenda wapi?"

"Nimeuzima."

"Umezimika au umeuzima?"

"Nimeuzima kwa kata ya maji."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Nikaona mwanya pembeni ya vidole. Akasema niingie.

Jikoni kwake kulikuwa bado baridi, mafiga hayajawashwa. Akanyosha mkono juu ya ukuta, penye ukingo wa boriti, akashusha kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa uzi wa katani. Akafungua. Ndani kuna viberiti vinne, vikavu, kimoja tu kimefunguliwa. Mgao wa duka la ushirika ulikuwa unaanza kwa mwenyekiti siku zote, nilipaswa kulijua hilo.

"Hivi vimekuja juzi?" nikauliza.

"Vimekuja kabla yako."

Nikakaa chini na kigae changu. Alipiga njiti, akawasha kumbi la nazi, akapuliza. Nikamwambia yale niliyokwenda kuyasema: kwamba pale mkutanoni nilimwambia anyoshe mkono kwa sababu nilikuwa naogopa daftari la mtu, na kwamba sikuwa na haki ya kumharakisha, wala ya kutoa habari ya kigae chake nje. Nikasema sitamuuliza kamwe anaelekea njia gani. Aje achukue moto tu, au asije, lakini anisamehe.

Alipanga kuni kwanza.

"Karibu miaka miwili ninakuja kwako," akasema. "Hukuniuliza hata mara moja kwa nini mke wa mwenyekiti hana kiberiti."

"Nilidhani unabana matumizi."

"Dorkasi, wewe nawe!" Akacheka, halafu kicheko kikaisha, akabaki anatazama moto. "Yule kijana wako alipotuuliza, wote walinyosha kwa kuwa lile neno kwao halikuwa na uzito. Mie ningenyoshaje? Mie ndiye niliyekuwa na neno."

"Neno gani?"

"Kila siku nilisubiri ufike kwa Chausiku. Unapita mbao, unapita mguu wa mzee, unapita mbuzi, unafika kwa mwanangu, unamtaja kama mtu, si kama mkosi. Nikishasikia hapo, naweza kwenda kupika. Nikaanza kujiuliza huyu anayeambiwa habari za mbuzi na mwanangu kwa pamoja, wala hachoki, yukoje. Nikataka kukuuliza. Kila siku nasema kesho. Halafu akaja mtu na kalamu."

Akachukua makaa mawili kwa vidole, haraka, kama tulivyokuwa tukifanya, akaniwekea kwenye kigae.

"Mie sijasema nahama popote. Msala wangu ule pale," akasema. "Nilitaka tu uniambie habari za huyo unayeongea naye. Taratibu, sie wawili, na pasiwe na anayeandika."